Stima ikipotea: inveta ya soketi ya sigara, inveta ya betri, au betri ya pili?

BintiBamburi
Salaam aleikum nyote. Huku kwetu stima ikienda, hurudi itakapo. Gari tunalo, Probox, lalala uani. Nataka liniwashie ruta, TV ya inchi 32, feni ya kusimama, na ikiwezekana friji ndogo ya juisi za biashara. Dukani nimeambiwa nichague: inveta (ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 150 ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara, ya wati 1,000 ya kufunga kwenye betri, au niongeze betri ya pili kabisa. Kando na bei, tofauti ni nini?

FundiChangamwe
Wa aleikum salaam dada. Gawa wati kwa volti upate ampea, mengine yatajieleza. Soketi ya sigara huwa na fyuzi ya ampea 10 au 15, kwa hivyo kwenye volti 12 mwisho wake ni wati 120 hadi 180. Hata inveta iandikwe 300 ubavuni, fyuzi haijui kusoma. Ruta haifiki wati 15, TV hiyo ni kama 50, feni vilevile. Vitaingia, friji hapana.

Ile ya wati 1,000 ikifanya kazi kikamilifu yavuta zaidi ya ampea 90, pamoja na inachokula yenyewe. Hapo shughuli ni waya. Taka wa milimita za mraba 25 au zaidi, mfupi, na fyuzi ikae karibu kabisa na terminali ya chanya, si upande wa inveta. Waya ukichunika na kugusa bodi, fyuzi iliyo mwisho wa waya haioni kitu, na betri itamwaga mamia ya ampea papo hapo.

KijanaKongowea
Mnamtisha bure. Unda waya wenye plagi pande zote mbili, inveta ichomeke kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima iwake. Mie nimeona ikifanywa.

FundiChangamwe
Usithubutu! Plagi ya upande wa pili ina miguu ya moto wazi, volti 240, yangoja mkono wa mtoto. Stima ya laini ikirudi inveta yaungua hapo hapo, na kabla haijarudi waweza kumrushia umeme fundi aliye juu ya nguzo. Vyombo vichomekwe kwenye inveta yenyewe.

MamaKisauni
Sisi tuna Estima ya haibridi iliyotoka Japani, ina soketi yake ndani, wati 1,500. Si bora mtu anunue gari la aina hiyo?

FundiChangamwe
Ni nzuri mama, lakini soketi hiyo ni ya volti 100, umeme wa kwao. Soma kibandiko: chaja ya laptopu iliyoandikwa 100–240 haina neno. Feni ya 240 itajikokota, na kompresa ya friji yaweza kuungua. Yataka transfoma ya kupandisha.

DerevaJomvu
Wenzangu wa trela: letu ni volti 24, betri mbili mfululizo. Msichukue 12 kwenye betri moja, itachoka kabla ya mwenziwe na zote mbili mtazitupa.

BintiBamburi
Na nikitumia betri hii hii ya gari bila kuwasha injini?

FundiChangamwe
Tuseme ni ya ampea-saa 40. Hiyo ni wati-saa 480, na betri ya kuwashia haipendi kushushwa chini ya nusu, basi zabaki 240. Inveta nayo ile chake, una kama 200. TV, ruta na feni pamoja ni chini ya saa mbili. Usitegemee king'ora cha inveta. Nyingi hukata kwenye volti 10.5 hivi, na hapo gari haliwaki tena. Ukiwasha injini, iwe nje, mbali na dirisha: kaboni monoksidi haina harufu.

Kwa hivyo mie nasema betri ya pili, ya kushuka chini (iliyoundwa kustahimili kutumiwa sana kabla ya kuchajiwa), yenye relei, yaani swichi ya umeme, ya kuitenga na ya gari. Ikikaa ndani ya gari iwe ya kufungwa, si ya kumimina maji. Friji iache: ikiwaka huvuta mara kadhaa ya wati zake, na inveta za bei rahisi hazina wimbi safi, yaani umeme laini kama wa stima ya kawaida. Usiifungue tu, itakaa baridi kama saa nne.

BintiBamburi
Basi juisi zitangoja. Waya je, nitajuaje ni shaba ya kweli?

DerevaJomvu
Kwangua ncha kwa kisu, mbele ya muuzaji. Ukiona weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, mrudishie.