Rubicon, Prado au Defender mpya: gari moja la kupanda mawe wikiendi na la kazini Jumatatu

vumbi_jekundu

Wakuu salama? Naombeni mawazo yenu, hasa wale mnaoziendesha hizi gari kweli na kuzizamisha kwenye tope, sio za kuoshwa na kupigwa picha. Niko na familia, mke na watoto wawili ambao bado wanakalia viti vya watoto, kila siku naenda kazini kwa lami na foleni ndefu, halafu kama mara mbili kwa mwezi natoka na wenzangu kwenda porini, na ninaposema porini namaanisha njia za mawe zenye ngazi za kufika magotini, makorongo yaliyochimbwa na mvua, na mito mikavu ya mchanga. Gari niliyonayo sasa ni zile za mjini zilizoinuka kidogo, haina lo (gia nzito ya kutembea polepole kwa nguvu), tumbo linagonga kila jiwe, na safari ya mwisho nilivutwa mara tatu kwa siku moja, wenzangu wakachelewa kwa ajili yangu na iliniuma sana.

Nimebakiza tatu: Jeep Wrangler Rubicon ya milango minne (hii JL iliyoanza 2018), Land Cruiser Prado 150, na Defender mpya 110. Zote nimezijaribu barabarani, hakuna hata moja niliyoijaribu kwenye mawe. Roho yangu iko kwa Rubicon, nikikaa ndani natamani kuondoka saa hiyohiyo. Mke wangu anasema Prado. Defender inanivutia ila naiogopa, umeme ni mwingi.

Sasa: hizi difuloki (kufuli za kulazimisha magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja) za mbele na nyuma nitazitumia kweli? Ekseli nzima ya mbele ya Rubicon itanichosha kwa safari za kila siku? Na Defender isiyo na chesisi iliyo peke yake chini ya bodi, itahimili mawe?

mpanda_mawe

Karibu mkuu. Nina Rubicon hiyohiyo ya milango minne, huu mwaka wa nne, nakwambia ninavyoijua.

Tuanze na ekseli maana kila kitu kinatokea hapo. Ekseli nzima maana yake magurudumu mawili ya mbele yamefungwa kwenye bomba moja la chuma. La kushoto likipandishwa na jiwe, bomba linainama na la kulia linasukumwa chini kutafuta ardhi. Na kile kichwa cha difu (gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili) kinapanda pamoja na magurudumu, kwa hiyo nafasi kati ya difu na jiwe haipungui hata gari likibonyea. Ya saspensheni ya kujitegemea (kila gurudumu linapanda na kushuka peke yake) ikibonyea, magurudumu yanaenda juu na tumbo linashuka kuelekea jiwe. Kwenye Rubicon kuna na kitufe cha kuachia stebilaiza ya mbele (fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) ukiwa kwenye lo, ukikibonyeza utaona ekseli inavyojikunja, gari linatembea kama linapanda ngazi kwa mguu mmoja mmoja, watu wengine wote wananing'iniza gurudumu hewani wewe manne yako yapo chini.

Lo yake ni 4:1 kwenye transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma). Ya manyo ukizidisha gia ya kwanza, transfa na difu unapata kama 84:1, yaani injini inazunguka mara 84 ndo gurudumu linazunguka mara moja. Hapo hugusi breki kwenye mteremko wa mawe, unaondoa mguu kwenye klachi na gari linashuka lenyewe taratibu kuliko mtu anavyotembea.

Difuloki utazitumia. Sio kila safari, ila siku utakayozihitaji hakuna kitu kingine kitakachokutoa. Difu ya kawaida gurudumu moja likining'inia linazunguka bure, na lile lililoshika ardhi linakosa nguvu. Ukifunga loki yote mawili yanazunguka sawa, basi. Ila usifunge ya mbele ukiwa unakata kona, usukani unakuwa mzito na unaweza kuvunja kitu.

Barabarani sasa. Paa linafunguka vipande vipande na kioo cha mbele kimesimama wima, upepo unaongea ukivuka 100. Usukani ni ule wa boksi la gololi unaoendana na ekseli nzima, hauna ukali wa gari la kawaida, unausahihisha kidogo kidogo muda wote kwenye mwendo wa kasi. Mimi nilizoea ndani ya wiki mbili, mke wangu hajazoea mpaka leo na safari ndefu haombi kuendesha. Lingine: milango minne ina urefu wa mita 3 kati ya ekseli na ekseli, ya milango miwili ni kama mita 2.46, kwa hiyo usitegemee tumbo la milango minne lipite kila kichuguu unachokiona kwenye video za ile fupi.

dizeli_tu

mpanda_mawe kasema vizuri ila kasema upande wa wikiendi. Mkuu piga hesabu ya siku zako. Mara mbili kwa mwezi ni siku nne kama unalala huko, siku ishirini na kitu zilizobaki uko kwenye foleni na watoto nyuma. Mi natumia Prado 150 ya dizeli, yenye injini ya 2.8 iliyochukua nafasi ya ile 3.0 mwaka 2015, na nimeenda nayo sehemu nyingi sana.

Kitu ambacho watu hawakitaji: Prado inaendesha magurudumu manne muda wote, katikati ina difu ya Torsen inayogawa nguvu 40 mbele 60 nyuma na kubadilisha yenyewe pale upande mmoja unapoteleza. Rubicon nyingi ni za kuchagua, au mbili za nyuma au nne zilizofungwa pamoja. Zile zilizofungwa pamoja hutakiwi kuziweka kwenye lami kavu kabisa, kwa sababu kwenye kona magurudumu ya mbele yanatembea umbali mkubwa kuliko ya nyuma na hakuna difu ya katikati ya kumeza hiyo tofauti, vyuma vinajisokota. Kwa hiyo lami ya mvua, yenye vipande vya mchanga au tope lililobebwa na malori, mwenye Prado anapita tu bila kufikiria chochote na watoto wamelala. Hiyo kwangu ni kubwa kuliko difuloki ya mbele.

Tangi ni lita 87 na kuna matoleo yenye tangi la pili yanafika 150. Chesisi ipo, nyuma ekseli nzima na springi za koili, mbele ya kujitegemea.

Mapungufu yake nayajua. Bampa la mbele liko chini, la nyuma nalo, na ngazi za pembeni ndo kitu cha kwanza kugusa jiwe, mi zangu nilizitoa mwenyewe. Kwenye ngazi za magotini utahitaji mtu wa kukuelekeza nje na utaingia kwa pembeni ili gurudumu moja lipande kwanza. Tafuta toleo lenye loki ya nyuma, sio zote zinayo, usidanganywe na stika.

mpanda_mawe

Kwenye mvua nakupa haki yako. Ila kuingia kwa pembeni na gari ambalo mbele haijikunji ndo unaishia na gurudumu la mbele juu na la nyuma la upande wa pili juu, nimeona watu wanatetemeka hapo. Anayeanza hiyo hali inamtisha, na mtu akiogopa anakanyaga mafuta, na hapo ndo vitu vinavunjika.

dizeli_tu

Kweli, ndo maana nikasema loki ya nyuma. Na mguu mwepesi.

chini_ya_uvungu

Mimi ni fundi, hizi zote napita chini yake. Nijibu la Defender maana linaulizwa kila siku na majibu mengi ni ya hofu.

Defender ya zamani iliishia Januari 2016, na hii iliyooneshwa 2019 ina jina lilelile ila ni gari jingine kabisa: bodi ya aluminiamu na fremu ni kitu kimoja, magurudumu manne yote yanajitegemea. Watu wakisikia haina chesisi iliyo peke yake wanaona itapinda. Haipindi. Bodi ya hivyo ikisukwa vizuri ni ngumu kujisokota kuliko ngazi ya chuma iliyofungiwa bodi juu kwa bolti. Mitsubishi Pajero tangu kizazi cha tatu cha mwaka 1999 ilikuwa hivyohivyo, fremu ndani ya bodi na kujitegemea pande zote, na sijawahi kuona mtu akiiita gari laini. Ugumu wake unauona ukiigonga vibaya: chesisi ya ngazi unanyoosha na kuchomelea, bodi ya aluminiamu inataka fundi maalum na vifaa maalum.

Yenye springi za upepo ukiiinua yote unapata milimita 291 chini ya tumbo na maji inavuka ya 900, namba ambazo Prado na Rubicon za kawaida zikitoka kiwandani hazizifikii. Magurudumu yananing'inia mapema kwa sababu hayajikunji kama ekseli nzima, ila kompyuta inakamata breki ya gurudumu linalozunguka bure na kupeleka nguvu kwa lililoshika, na inafanya haraka. Kwa dereva mgeni ndiyo rahisi kuliko zote. Unachagua mawe au mchanga kwenye skrini na kushika usukani.

Tatizo ni siku inapokataa. Begi la upepo likichanika au sensa ya urefu ikilowa, gari linakaa chini na tumbo lako limeondoka. Springi ya koili haina siku kama hiyo. Ukiichukua, tafuta yenye rimu za inchi 18 na tairi nene, achana na rimu za 20 na 22, jiwe moja kali linakata ubavu wa tairi jembamba na rimu inapasuka papo hapo. Na ununue kile kifaa cha kusoma kompyuta, ukae nacho ndani ya gari, sio nyumbani.

Swali langu kwako vumbi_jekundu: mnaenda magari mangapi? Kama huwa mko matatu na zaidi, chaguo lolote kati ya haya linakufaa. Kama siku nyingine unaenda peke yako na watoto, ondoa Defender kwenye orodha leo.

kidogo_imara

Mbona hakuna aliyetaja Jimny? Hii ya 2018 ina chesisi, ekseli nzima mbele na nyuma, lo, uzito kama kilo 1,100 na urefu wa mita 2.25 tu kati ya ekseli. Pembe za mwinuko inazopita bila kugusa ni nyuzi 37 mbele, 28 tumboni na 49 nyuma. Wepesi ni kila kitu kwenye mchanga, wazito wanachimba mimi napita juu, na nikikwama watu wawili wananisukuma.

vumbi_jekundu

kidogo_imara ningekuwa peke yangu ningeshainunua, kweli kabisa. Viti viwili vya watoto vikikaa nyuma hakuna pa kuweka hata begi la maji.

Fundi umenigusa na swali lako. Mara nyingi tuko magari manne, lakini kuna siku mke wangu na watoto tunaenda wenyewe kwenye mto mkavu, watoto wanapenda ule mchanga kuliko kitu chochote. Sitaki siku moja tukae huko usiku na watoto kwa sababu ya sensa. Defender nimeitoa.

Baada ya kusoma hapa tulifanya jambo moja, tuliomba gari mbili zilizobaki siku moja na kupita njia ileile, lisaa lizima kila moja, lami na rafu rodi yenye mawimbi, watoto nyuma, na nikamwachia mke wangu aendeshe nusu. Kwenye Prado watoto walilala. Kwenye Rubicon hawakulala, walifurahi sana lakini mke wangu alikuwa anaongea kwa sauti ya juu njia nzima ili nimsikie. Nilikaa kimya kurudi nyumbani. Yeye ataendesha nusu ya maisha ya hilo gari.

Kwa hiyo Prado, yenye loki ya nyuma. Jumamosi naenda kuangalia moja iliyotumika. Matairi niweke ya matope moja kwa moja?

dizeli_tu

Hapana, usiweke ya matope. Weka ya mchanganyiko yenye ubavu mgumu. Ya matope yanalia kwenye lami kama nyuki na breki kwenye mvua inakuwa ndefu, na wewe muda mwingi uko kwenye lami. Kitakachokupitisha ni upepo, sio meno ya tairi. Ukiwa na psi 35 barabarani, shusha mpaka 20 au 18 kwenye mawe na mchanga, tairi linalala chini, alama yake inarefuka na linalikumbatia jiwe badala ya kuruka juu yake. Usishuke chini ya 15 kama hujazoea, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Nunua kompresa kabla ya kununua taa za juu, nakuomba. Ukirudi kwenye lami unajaza kwanza ndo unaongeza mwendo.

mpanda_mawe

Nilitaka uje upande wetu ila sababu yako naiheshimu. Siku ya mawe njoo, nitakuelekeza nje kwa mikono mpaka uzoee kuweka gurudumu juu ya jiwe badala ya kulipitisha katikati. Hilo ndo kosa la kila mgeni, anataka jiwe lipite chini ya tumbo.

chini_ya_uvungu

Kabla hujalipa ingia uvunguni. Angalia kingo za chesisi karibu na sehemu saspensheni ya nyuma inaposhikia, gonga na bisibisi, ikilia butu kuna kutu ndani. Angalia buti za mpira za shafti za mbele kama zimechanika na grisi imerukia pembeni. Shika tairi la mbele juu na chini ulitikise, likicheza ni boljointi au beringi. Kisha nenda mahali penye changarawe, weka lo, funga loki ya nyuma, subiri taa itulie isiwe inapepesa, utembee polepole kidogo. Magari mengi yaliyokaa mjini loki haijawahi kuguswa tangu kiwandani na inagoma.

Na ukikuta chini kote kumepigwa rangi nyeusi mbichi, usinunue siku hiyo. Mwambie mwenye gari aioshe kwa presha, urudi tena.