Mtoto ana harara shingoni: nimpake poda au niache?

Mama_Kichanga: Habari zenu wapendwa. Binti yangu ana miezi miwili na kidogo, tupo Dar, na hili joto mnalijua. Shingoni na kwapani katoka vipele vidogo vyekundu, na mapajani panapobanwa na pampasi pamekuwa pekundu. Ngozi yake ni ya kudhurika upesi, hata sabuni yenye manukato haiwezi. Mama mkwe yupo hapa kwa ajili ya uzazi, na akishamwogesha anammwagia poda mpaka anakuwa kama samaki aliyepakwa unga. Kliniki nimeambiwa niache. Mama anasema watoto wake wote wamekua kwa poda. Nimsikilize nani? Na kama si poda, nipake nini?

Mdigo_wa_Tanga: Mkwe yuko sahihi bana. Kwetu mtoto bila poda hajaoga. Wangu nimewapaka na sasa wapo shule. Msitishane.

Nesi_Mstaafu: Hongera kwa uzazi, mwanangu. Tatizo la kwanza la poda ni pumzi, ngozi inafuata. Ukitikisa kopo vumbi linabaki hewani na mtoto analivuta. Ya talki, yaani madini yaliyosagwa, ni laini mno, ikifika mapafuni inaleta kikohozi na kubanwa pumzi. Wapo watoto waliopoteza maisha baada ya kuvuta poda nyingi kwa mkupuo.

Halafu hapo una mambo mawili, usiyatibu kwa dawa moja. Ya shingoni na kwapani yanaonekana ni harara: jasho limeziba njia zake. Poda ikikutana na jasho na maziwa aliyocheua inaganda kwenye mikunjo na kumsugua. Mwogeshe kwa maji matupu, mkaushe kwa kumgusagusa na kanga laini bila kusugua, fungua mikunjo ya shingo ipigwe na hewa. Nguo moja ya pamba inatosha. Kofia na soksi weka kando, najua bibi yake atanuna. Mafuta mazito kwenye harara usipake, yanaziba zaidi.

Mapajani ni mkojo na choo. Badilisha pampasi mapema, osha kwa maji, mwache wazi kidogo kila siku, kisha paka krimu ya zinki au mafuta ya mgando kabla ya kumfunga.

Baba_Pacha: Naongezea kuhusu talki. Johnson & Johnson waliacha kuuza poda ya watoto ya talki Marekani na Kanada mwaka 2020, na 2023 wakaiacha dunia nzima, wakabaki na ya wanga wa mahindi. Mwaka 2024 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, likaiweka talki kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Kwa hiyo geuza kopo usome kilichomo. Makopo ya zamani bado yapo majumbani.

Mama_Kichanga: Asanteni sana. Rafiki kaniambia nitumie wanga wa mahindi wa jikoni. Na duka la dawa wamenipa tyubu, wanasema inatibu kila kipele.

Nesi_Mstaafu: Wanga chembe zake ni kubwa kuliko talki, lakini bado ni vumbi, na hana shida inayouhitaji. Hiyo tyubu ndiyo inanitia wasiwasi kuliko poda! Ikiwa ina betamethasone au clobetasol, hiyo ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe wa ngozi. Chini ya pampasi ngozi hunyonya dawa zaidi na inaweza kukonda. Usipake mpaka daktari aone. Wekundu ukiwa unang'aa, umeingia kwenye mikunjo na una vipele pembeni, huenda ni fangasi, na wana dawa yao. Akipata joto la nyuzi 38 au zaidi, usaha, malengelenge, au akigoma kunyonya, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Shangazi_Mbagala: Kuhusu mkwe, usibishane naye sebuleni. Nenda naye kliniki, nesi amwambie mwenyewe. Na mpe yeye kazi ya kukausha ile mikunjo, maana mikono yake ina subira kuliko yako.

Mama_Kichanga: Wiki ijayo ana chanjo ya wiki ya kumi. Nitaenda naye, na tyubu naibeba wakaione.

Mdigo_wa_Tanga: Haya, nimesoma. Mimi nitaendelea na yangu, ila namimina kiganjani kwanza, mbali na mtoto.

Nesi_Mstaafu: Na feni izime wakati huo.