Daftari linasema walimu wapo, darasani hakuna mtu. Nifanyeje?

Mkuu Mgeni

Wadau, shikamooni wakubwa zangu, wengine habari za kazi.

Tangu Januari mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika wilaya moja ya korosho mkoani Mtwara. Shule siitaji. Wanafunzi 612, walimu 7 nikiwemo mimi, nyumba za walimu mbili, moja haikaliki kwa popo.

Niliporipoti nilikuta utaratibu tunaoujua wote: daftari la mahudhurio liko mezani kwangu, saa 1:30 asubuhi napiga mstari mwekundu, anayechelewa anasaini chini yake. Nikajiona mambo nimeyashika. Mwezi huu nikawapa viranja wa darasa la tano, la sita na la saba kila mmoja daftari dogo, aandike kila kipindi: mwalimu kaingia au hakuingia. Wiki ilipoisha nikakaa nikahesabu. Madarasa matatu, vipindi 8 kwa siku, siku 5, jumla vipindi 120. Vilivyofundishwa ni 71. Wiki hiyohiyo daftari langu la mstari mwekundu lina saini 32 kati ya 35.

Yaani watu wapo. Mmoja yuko chini ya mwembe anasahihisha, mwingine kasogea dukani kwake "mara moja", mwingine kaandika ubaoni "fanyeni zoezi la 4" kisha karudi ofisini kwenye simu yake. Na yuko mmoja, nimwite mwalimu wa Sayansi, anayekaa mjini, kilomita 34 kutoka hapa. Bodaboda 6,000 kuja, 6,000 kurudi. Anafika siku tatu kwa wiki. Zile mbili mwenzake anamsainia, na anayemsainia namjua kwa mwandiko.

Nikimwandikia barua, ofisi nzima itanigeukia, na wa kumbadili sina. Nikinyamaza, la saba wana mtihani wao Septemba. Naambiwa pia msimu wa korosho ukifika hali ndiyo huharibika kabisa. Aliyewahi kupita hapa anisaidie.

Chaki ya Zamani

Marahaba mwanangu. Nimestaafu, miaka 15 ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu huko Singida, kwa hiyo nayajua hayo unayosema.

Usianze na wa Sayansi. Ukianza na aliye mbali, walio karibu watakaa watazame mwisho wake. Anza na wa chini ya mwembe. Mimi nilichofanya nilihamisha meza yangu, nikaiweka kibarazani kwa darasa la nne, mahali ninapoona milango yote. Sikumsema mtu. Kengele ikilia na mlango mmoja haukuingia mwalimu, naingia mimi, nafundisha. Si kulinda darasa, kufundisha hasa. Mwenye kipindi akitokea ananikuta na chaki mkononi, nampisha. Mara tatu ukimfanyia hivyo mtu mzima, ya nne hakukuti darasani.

Kusainiana ni jambo jingine, hilo usilichekee. Kughushi saini si uchelewaji. Mwite anayesaini, peke yake, mlango umefungwa, mweleze anajiweka kwenye hatari gani kwa ajili ya mtu mwingine. Makosa mepesi unayamaliza mwenyewe kwa onyo au karipio la maandishi. Utoro wa zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa ni kosa zito, linakwenda TSC (Tume ya Utumishi wa Walimu) wilayani na mtu anaweza kufukuzwa kazi. Wengi hawaamini mpaka hati ya mashtaka iwafikie.

Huyo wa Sayansi mpangie upya ratiba. Vipindi vyake vyote viingie siku nne, siku ya tano iwe ya kuandaa masomo.

Takwimu Tupu

Mzee wangu hapo juu kasema kweli kuhusu milango. Utafiti wa Benki ya Dunia uliofanyika Tanzania 2014 ulikuta hilohilo: walimu ambao hawakuwepo shuleni kabisa walikuwa kama 14 kwa kila 100, lakini ambao hawakuwa darasani walikaribia nusu. Kenya miaka miwili kabla yake, picha ni ileile. Kwa hiyo mkuu, shule yako si ya ajabu.

Kabla hajatokea wa kusema "fungeni mashine za alama za vidole": huko Udaipur, India, shirika moja liliwapa walimu kamera zenye tarehe, mwanafunzi anampiga mwalimu picha asubuhi na jioni. Utoro ulishuka nusu, kutoka asilimia 42 hadi 21. Ila zilikuwa shule za mwalimu mmoja, na malipo yake yalifungwa kwenye siku alizoonekana pichani. Wewe mshahara wa mtu huugusi. Mashine itakuletea saini safi zaidi, na mwembe utabaki na watu wake.

Fimbo ya Mbali

Mimi ndiye huyo mwalimu wako wa Sayansi, sema niko mkoa mwingine.

Nakaa kilomita 28. Kijijini hakuna nyumba. Iliyokuwepo anakaa mwalimu mkuu. Fedha yangu ya uhamisho naidai tangu 2021. Masika daraja likifunikwa na maji nasukuma pikipiki. Nafika saa 1:40, nasaini chini ya mstari mwekundu. Siku hiyo nafundisha vipindi sita. Kwenye rekodi mimi ni mchelewaji. Aliyesaini saa 1:15 akaenda kukaa mwembeni hadi saa nane ni mtumishi hodari, na Mei Mosi anapewa cheti. Mkuu, mstari wako unapima nini?

Halafu hamsemi wanaotutoa darasani. Sensa ya 2022 makarani walikuwa kina nani? Uchaguzi je? Takwimu za shule zinatakiwa leo saa sita, nani anazipeleka halmashauri? Hapo hakuna anayeita utoro.

Kusainiana sikutetei, ni ujinga. Ila 12,000 kwa siku, mara siku 20, ni 240,000. Umeshamuuliza analipa kodi ya nyumba kwa kiasi gani baada ya hapo?

Na wewe mwenyewe, wiki hiyo uliyohesabu ulikuwa wapi?

Mama Wawili

Mimi ni mzazi tu. Mnahangaika na saini wakati ushahidi uko kwenye begi la mtoto. Kila Jumapili nafungua madaftari nasoma tarehe. La Sayansi mwezi mzima lilikuwa na tarehe nne. Nilipeleka kwenye kamati ya shule, nikaambiwa nina chuki na mwalimu. Mwezi uliofuata tukaenda wazazi kumi na moja, kila mmoja na daftari lake mkononi. Hakuna aliyesema chuki.

Mkuu Mgeni

Nashukuruni. Fimbo ya Mbali, swali lako limeniuma, nimerudi kuhesabu.

Wiki ile siku mbili nilikuwa halmashauri, siku moja kikao, siku nyingine kupeleka takwimu ambazo walishazipata kwa simu. Nafundisha Hisabati la sita na la saba. Kati ya vipindi 49 vilivyokosa mwalimu, 7 ni vyangu. Kwenye daftari la mahudhurio siku hizo mbili nimeandikiwa "kikazi", safi kabisa.

Meza nimeihamisha tangu Jumatatu. Iko kibarazani kwa darasa la tano, upepo unasumbua karatasi, lakini mwembeni siku hizi wamebaki kuku. Anayesainia wenzake nimeongea naye. Alilia, sikutegemea.

Wa Sayansi nimemuuliza kama ulivyosema. Kodi analipa 50,000, na mke wake ni nesi hospitali ya wilaya, kwa hiyo kuhamia kijijini si suala la nyumba peke yake. Mzee Chaki, ile ratiba ya siku nne nimeigawa kwake, ila siku ya tano sikumpa nyumbani: Ijumaa atashinda hapa na la saba hadi saa kumi. Nyumba ya popo fundi kaikagua, anataka 180,000 kubomoa dari na kuziba. Jumamosi kamati inakaa, nitawapelekea. Ikikalika atakuwa analala hapo Alhamisi, aokoe nauli ya safari moja.

Madaftari ya viranja yanaendelea. Jana kiranja wa la saba alinifuata, kasimama mlangoni muda mrefu, kisha akauliza: "Mwalimu, zile siku ulizokwenda halmashauri niliandika hakuingia. Nimekosea?"

Nikamwambia hajakosea.