Leza kusogeza tabaka za fuwele: si joto tu hilo?

Mwalimu wa Lurambi, Kakamega
Habari za jioni wakuu. Nafundisha Fizikia kidato cha nne. Mwanafunzi wangu amesoma kwamba mpigo wa leza wa femtosekunde chache (femtosekunde ni sehemu moja ya milioni bilioni ya sekunde) hubadilisha mpangilio wa atomu katika fuwele za feroelektriki zenye tabaka, yaani zile ambazo chaji zake zimeelekea upande mmoja zenyewe. Akaniuliza, "Mwalimu, si imepashwa moto tu?" Naona ana hoja. Mwanga ukimezwa hugeuka joto. Wanajuaje kwamba ni mwanga wenyewe?

Fundi wa Kondele
Mwalimu, huyo mtoto mpe biro mpya. Nilisoma fizikia kabla sijafungua kibanda cha simu hapa Kisumu, basi nianzie kibandani. Kile kisahani cha baza, kinachotoa mlio, cha rangi ya dhahabu na seramiki nyeupe katikati, ukikizidishia hewa moto ya mashine ya kulehemu kitaonekana kizima lakini hakilii tena. Chaji zake zilikuwa zimeelekea upande mmoja, joto likazivuruga. Hiyo ndiyo kazi ya joto: linatikisa atomu ovyo, kila upande.

Sasa angalia WTe2, mchanganyiko wa tangsteni na teluriamu. Mwaka 2019 kulichapishwa kazi katika jarida la Nature: watafiti waliipiga kwa mawimbi ya terahezi, aina ya mwanga usioonekana kwa macho, halafu pale SLAC, maabara iliyoko California, wakapitisha elektroni ndani yake na kutazama madoa zinayoacha kwenye kamera. Fuwele ikipata joto tu, kwa kawaida madoa hufifia. Hapa mengine yalififia, mengine yakazidi kung'aa, tena kwa mdundo, mzunguko mmoja kama pikosekunde 4 (pikosekunde moja ni femtosekunde elfu). Maana yake tabaka nzima zilikuwa zinateleza moja juu ya nyingine, kama mabati yaliyolazwa hadiwea: kila bati ni gumu, ila kati yao hakuna kinachoyashikilia sana. Joto haliwezi kupanga mambo hivyo.

Mkaaji Njoro
Fundi umesema kweli, lakini umechagua mfano unaokubeba. Chukua CuInP2S6, fuwele nyingine ya feroelektriki yenye tabaka. Humo ni atomu za shaba ndizo zinazosogea juu au chini ndani ya tabaka, na ikifika nyuzi 42 hivi za selsiasi zinaanza kurukaruka, mwelekeo unapotea. Nyuzi 42! Hiyo unaipata ndani ya matatu iliyoegeshwa juani hapo kwenu Kisumu, bila leza. Kwa fuwele hiyo mwanafunzi asidharauliwe hata kidogo.

Kuna pia njia nyingine hamjaitaja. Mwanga huachilia elektroni, nazo zikishakuwa huru hupunguza nguvu ya umeme iliyo ndani, na fuwele hujinyoosha au kujibana. Ndiyo maana wanaopima hukazania saa. Elektroni huitikia ndani ya femtosekunde, atomu hupokea joto lake baada ya pikosekunde kadhaa, na joto kutoka kabisa huchukua muda mrefu zaidi.

Mwalimu wa Lurambi, Kakamega
Asanteni sana. Na mwanga ukishapita, tabaka zinarudi mahali pake?

Fundi wa Kondele
Mpigo ukiwa dhaifu, zinacheza kisha zinatulia palepale. Ukiwa mkali, WTe2 ilihamia mpangilio mwingine na kubaki huko hata mpigo ulipokwisha. Watu wa memori za kompyuta wanaitamani kwa sababu hiyo. Kesho atakuuliza bei ya hiyo kamera, mwalimu, jiandae.