"Pumbavu!" ni kivumishi au kihisishi? Tujadili

Mzee wa Ngeli: Kamusi inaweka "-pumbavu" kivumishi, kwisha. Sasa dereva akichomekewa na bodaboda akafoka "Pumbavu!", nomino inayovumishwa iko wapi? Hata wakiwa watano utasikia "Pumbavu nyie!", upatanisho haupo. Liingizwe mara mbili: lenye kistari kivumishi, lenye alama ya mshangao kihisishi.

Chapakazi: Hicho ni kivumishi kilichoangusha kiambishi. Pumbaa kwa -vu, kama tulia na -tulivu. Kila tusi likipewa vidahizo viwili, yaani maingizo mawili, kamusi inageuka jalala. Andika aina ya neno, kisha alama ya matumizi pembeni: (tusi). Tusi si aina ya neno.

Binti Mvita: Jalala? Ninyi wa bara mwaangusha viambishi kila mahali kisha mwaita sarufi.

Chapakazi: Dada, bara imeingiaje hapa? "Shenzi wewe!" haisemwi huko kwenu?

Binti Mvita: Yasemwa. Na wageni.

KidahizoTu: 😂 Jaribuni kipimo cha "wewe". "Mbwa wewe", "mjinga wewe", vinakaa. "Salaale wewe" haikai, humtukani mtu kwa salaale. "Pumbavu wewe" inakaa, kwa hiyo neno limekalia kiti cha nomino. Mmekosea wote wawili.

Mzee wa Ngeli: Na aliyejigonga kidole kwa nyundo akasema "Pumbavu!", anamwambia nani? Nyundo?

KidahizoTu: Hapo kihisishi, nakubali. Ila kasoro kubwa iko kwenye ngeli. "Fala" linapewa a-/wa-: fala huyu, mafala hawa. Hasira ikipanda ni "mafala haya", dharau yote imo kwenye ya-. Kamusi isiyotaja hilo imefundisha nusu ya tusi.

Binti Mvita: Na "nyoko" mtaliweka wapi? Ni mama yako kwa neno moja, ndugu yake "nyina". Nomino yenye mwenyewe ndani yake, hata lifokwe vipi.

Chapakazi: Johnson, kwenye kamusi yake ya Kiswahili-Kiingereza, 1938, alipanga minyambuliko chini ya mzizi, pumbaa na mpumbavu pamoja. Mabishano haya yasingekuwepo.

Mzee wa Ngeli: 1939. Na kupanga si kuainisha.

Chapakazi: Mwaka mmoja ndiyo unanikaba shati? Binti Mvita, bado nangoja: bara imeingiaje?

Binti Mvita: Kwa kuangusha kiambishi.