Naomba ushauri: dhamana ya mzigo kwenye magati mapya ya Lamu

Wadau wa bandari na uchukuzi, hamjambo? Naandaa masharti ya ubia wa serikali na mwekezaji binafsi kwa magati yanayofuata ya bandari ya Lamu, Kenya. Magati matatu ya kwanza yalijengwa kwa fedha za serikali, kila moja mita 400, kina mita 17.5, mpango mzima ni magati 32.

Kinachonikwamisha ni mzigo. Reli haijafika, kwa hiyo mwekezaji anataka ahakikishiwe idadi ya chini ya makontena kila mwaka. Kwangu hilo ni deni lililojificha: meli zisipokuja, Hazina ndiyo italipa. Nimependekeza badala yake mrabaha (malipo ya mwekezaji kwa serikali) mdogo kwa kila kontena mwanzoni, utakaopanda mzigo ukiongezeka, na mamlaka ya bandari ibaki na kazi ya kuchimba njia ya meli kuingia bandarini na kuondoa mchanga unaorudi. Wakopeshaji bado wanasita, wanataka mapato yanayotabirika.

Dhamana ikibidi, ikome baada ya miaka kadhaa au siku reli itakapoanza kazi?

Na fidia ya wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari hiyo (mwaka 2018 Mahakama Kuu iliagiza shilingi bilioni 1.76), je, niifanye sharti la kutimizwa kabla mkataba haujaanza kutumika? Wavuvi wasisubiri tena.