Naomba ushauri: tutoe gemu sasa au tuendelee na beta?

Wakuu, habari za kazi. Gemu letu la Android bado liko kwenye majaribio ya kundi dogo Google Play. Kwenye simu za RAM GB 2 linajifunga lenyewe likipakia ramani ya tatu, kumbukumbu inajaa. Tumeshusha picha kutoka pikseli 2048 hadi 1024, wapi! Mdhamini anataka litoke sasa, eti marekebisho yatafuata. Kulitoa kwa asilimia chache ya watumiaji haiwezekani kwa toleo la kwanza. Njia hiyo ni ya masasisho tu.

Je, tuzizuie simu za RAM ndogo na kulitoa, au tufungue kwanza beta ya wazi (majaribio ambayo yeyote anaweza kujiunga), ambako maoni hayagusi nyota za gemu kule Google Play? Na ramani ya zamani mnahakikishaje imeondoka kwenye kumbukumbu kabla mpya haijapakiwa?